Safari ya Muthoka Kwenda Suez

Vita vya Suez vilimfikia Kanini dukani kwa Lalji, katikati ya gunia la maharagwe na pipa la mafuta ya taa. Lalji alikuwa na redio kubwa ya mbao, na jioni ikifika aliigeuza uso ikatazama barabarani, ili watu wa Thika waliotoka kazini wasimame kusikiliza habari, na wakishasimama, wakumbuke kwamba sukari imewaishia nyumbani.

Jioni ile, mwaka wa hamsini na sita ukiwa ukingoni, mtangazaji alisema Umoja wa Mataifa unakusanya askari kutoka nchi mbalimbali waende Misri. Hawaendi kupigana. Wanakwenda kusimama katikati ya waliopigana ili wasirudiane. Watavaa kofia za buluu wajulikane kwa mbali.

"Askari hapigi risasi?" akauliza Githinji, fundi wa baiskeli. "Sasa atafanya nini huko?"

"Atasimama," akasema Lalji. "Kusimama ni kazi. Wewe jaribu siku moja." Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa majivuno ya mtu aliyewatuma yeye mwenyewe. "India imetoa jeshi. Askari wa miavuli, si mchezo. Denmark imetoa. Norway imetoa. Brazili pia, na iko mbali kule!"

"Na Kenya?" akauliza mtu.

Lalji akawatazama wote waliokuwa mbele ya duka lake, mmoja mmoja. "Kenya imetoa wasikilizaji."

Watu wakacheka. Muthoka, mume wa Kanini, hakucheka. Muthoka alikuwa amevaa kaptula za Keya, jeshi la mkoloni, wakati wa vita vikubwa, akafika Burma na kurudi, na ingawa miaka kumi na zaidi ilikuwa imepita, alikuwa bado anatembea kama mtu anayesikia ngoma ya bendi mahali fulani. Alijisogeza mbele, akakohoa.

"Nani amekwambia Kenya haijatoa? Mimi nimeitwa."

Kanini, chupa ya mafuta ya taa mkononi, alisikia habari hiyo wakati uleule walipoisikia wengine.

"Umeitwa wapi?" akauliza Lalji.

"Suez. Wanataka wazee wa Burma. Vijana wana haraka ya kufyatua."

Walipokuwa wakirudi nyumbani Kanini alikwenda nyuma yake mpaka walipofika kwenye ua wa michongoma. Hapo akamshika shati.

"Baba Wambua, nani amekuita?"

"Wakubwa."

"Wewe Burma ulikuwa mpishi."

"Na hao askari wa kofia za buluu," akasema Muthoka polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, "watakula nini? Hewa?"

Jibu hilo lilimshinda Kanini. Alilizungusha kichwani usiku mzima na hakuona mahali pa kulishika. Kweli, askari lazima ale. Akaamini.

Sasa, ili mtu amwelewe Muthoka, ni lazima ajue alikuwa akilala wapi. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko moja lililojengwa nje kwa mabati ya madebe. Jiko hilo lilikuwa la Kanini tangu aolewe. Halafu Mwongeli, dada yake Muthoka, akafiwa na mumewe, akarudi na sufuria zake tatu na ulimi wake mmoja. Tangu siku hiyo vita havikuisha. Aliyewahi kuamka ndiye aliyeteka mafiga. Aliyechelewa alitangazia majirani kwamba katika boma hili watu hufa njaa. Mwongeli aliona chumvi ya Kanini haina ladha. Kanini aliona Mwongeli anachoma kuni kama anayechoma mkaa wa kuuza. Na kila jioni, kabla Muthoka hajavua viatu, mmoja alimjia kutoka kulia na mwingine kutoka kushoto, kila mmoja akitaka ahukumu.

Muthoka hakuwahi kuhukumu. Alisema "mm," akatazama dari. Alikuwa akitazama dari hiyo kwa mwaka mzima.

Habari za Suez zilienea Thika kuliko yeye alivyotarajia. Pengine alidhani watu watacheka, wasahau. Lakini hizo zilikuwa siku za Hali ya Hatari, siku za kipande na pasi na kuulizwa unatoka wapi, na watu wa Thika walikuwa wamechoka kuona askari wanakuja kwao. Kusikia kwamba safari hii askari anatoka kwao, tena anakwenda kutuliza Wazungu waliogombana na watu wengine, kuliwanyoosha migongo. Dalmas, mwinjilisti, alimwombea kanisani, akamtaja pamoja na Daudi na Yoshua. Mtu akaleta mbuzi. Githinji akamletea blanketi. Akina mama waliimba. Ilipofika siku ya kuondoka, Muthoka hangeweza tena kusema lilikuwa neno tu la dukani.

Walimsindikiza mpaka stesheni. Alikuwa amechukua bereti yake ya zamani ya jeshi akaichovya katika bluu ya kufulia nguo, ikatoka na rangi ya kushangaza, si ya anga na si ya bahari. Kanini alilia machozi ya kweli. Mwongeli alilia kwa sauti kubwa zaidi, kusudi isionekane kwamba mke ana uchungu kuliko dada. Gari moshi likapiga honi, Muthoka akapiga saluti dirishani, na behewa likampeleka kuelekea Nairobi, ambako, kila mtu alijua, ndiko inakoanzia njia ya kwenda kokote.

Baada ya hapo Kanini aliishi kama mke wa chifu. Dukani kwa Lalji aliwekewa kiti. Kila redio iliposema "askari wa Umoja wa Mataifa," watu walimgeukia, naye akainamisha macho kwa heshima, kama vile yeye ndiye aliyefua soksi zao wote. Kwenye bomba la maji alipishwa mbele. Watoto walimwita Mama Suez.

Mwongeli naye hakukubali. "Mke ni mtu wa kutoka nje," aliwaambia wanawake bombani. "Damu iliyoko Suez ni yangu." Basi vita vya mafiga vikapata tawi jipya: nani hasa mwenye Muthoka? Walirushiana maneno asubuhi, wakapumzika mchana, wakaanza tena jua likizama, na safari hii hapakuwa na mtu wa kusema "mm."

Kanini alikuwa akisuka vyondo, vikapu vya katani, na siku ya soko alivipeleka Ruiru, ambako wanawake wa mashamba ya kahawa walivipenda. Huko alizoea kukaa karibu na Ngina, mama wa makamo kutoka kijiji cha Gitothua, aliyeuza viazi na kucheka hata palipokuwa hapana la kuchekesha. Siku moja Kanini, kwa jinsi mdomo ulivyokuwa ukimwasha, alimsimulia yote: jangwa, kofia za buluu, askari wanaosimama katikati bila kupiga mtu.

Ngina aliweka kiazi chini. "Bila kupiga mtu?"

"Hata kofi."

"Na hawaingii nyumba za watu kupekua unga?"

"Hapana. Wanasimama tu, watu walale."

Ngina alitazama upande wa kijiji chao, kule serikali ilikowazungushia handaki lenye miti iliyochongwa na kujenga mnara wa walinzi. Hakucheka. "Ngai! Basi hao wangeanzia hapa kwetu, ndio waende huko mbali."

Kanini alijifanya anapanga vyondo. Ngina, aliyekuwa mtu mwema, akaona amemnyamazisha mwenzake, akabadili maneno.

"Lakini kofia ya buluu hata sisi tuko nayo moja. Kuna askari wa lango huko kwa shamba la kahawa, ng'ambo ya mto. Mkamba kama nyinyi. Ananunua viazi kwangu. Mvua ikinyesha kofia inamlilia, uso unakuwa buluu mpaka shingoni. Watoto wanamuogopa, wanasema ni maiti."

Mikono ya Kanini ikasimama juu ya kiondo.

"Anatembea namna gani?"

"Kama mtu anasikia bendi."

Hakuuza kitu tena siku ile. Alivuka mto, akafuata njia ya katikati ya mikahawa mpaka alipoliona lango. Alijificha nyuma ya mkuyu. Na hapo, kwenye kiti cha sanduku, mkuki magotini, kofia ya Umoja wa Mataifa kichwani, alikuwa ameketi baba Wambua akimenya kiazi cha kuchoma. Alikuwa amenenepa. Alimenya polepole, akakipuliza, akakila akitazama mawingu, na usoni mwake palikuwa na utulivu ambao Kanini hakuwahi kuuona tangu siku aliyoolewa.

Huo utulivu ndio uliomchoma. Angalau angekonda! Alikuwa amemwombea mtu huyu asipigwe na jua la jangwani. Alikuwa ameota mara mbili ngamia amemkanyaga. Akainua kokoto, akalipima mkononi, kisha akalitua chini. Kumpiga kokoto ilikuwa haitoshi.

Alirudi Thika kwa gari moshi na njia nzima alijiuliza amwambie nani. Si mwinjilisti Dalmas, aliyekuwa amemlinganisha na Yoshua. Si wanawake wa bombani, waliokuwa wakimpisha. Alipofika nyumbani Mwongeli alikuwa ameshateka mafiga yote matatu, akimsubiri amtupie neno. Kanini hakutupa neno. Aliketi kwenye gogo.

"Wifi," akasema, "nimetoka Suez."

Alimweleza yote, mpaka kiazi. Mwongeli alisikiliza akiwa na mwiko hewani. Kanini alipofika pale pa watoto kudhani ni maiti, Mwongeli alianza kutetemeka mabega. Akajizuia, kwa maana kumchekea Kanini kulikuwa kama kushindwa vita. Kisha uji ukafurika, wote wawili wakaruka kuuokoa, wakagongana vichwa, na kicheko kikawatoka kwa pamoja mpaka wakakaa chini kwenye majivu. Walikuwa hawajacheka pamoja hata siku moja.

"Aiya! Nimelia stesheni mbele ya watu!" Mwongeli alisema akijifuta macho. "Nimelia mpaka kamasi!"

"Hata mimi."

"Yeye anataka kutuliza vita?" Mwongeli alisimama, akakung'uta sketi. "Tumpelekee vita."

Siku ya soko iliyofuata walifika Ruiru pamoja, kila mmoja na leso mpya kichwani na kiondo begani. Walimpitia Ngina sokoni, naye alipoambiwa alifunga viazi vyake kwenye gunia palepale. Kitu kama hicho hangekikosa kwa faida yoyote.

Walipokaribia lango walianza. Mwongeli alimsukuma Kanini, na Kanini akamvuta leso. Walipiga kelele za kutosha mtaa mzima. Wachuma kahawa wakaacha mikebe yao wakaja mbio. Ngina, bila kuombwa, akapiga ukemi. Ilikuwa kazi ya kuigiza, lakini yapo maneno mawili matatu ya kweli yaliyokuwa yamekaa mwaka mzima, nayo yakapata nafasi ya kutoka.

"Umemaliza kuni zangu!"

"Na wewe na chumvi yako ya kuhesabu punje!"

Nyapara wa shamba, jina lake Munyao, alitokea ghalani akiwa amekasirika. "Askari! Unatazama nini? Tenganisha hao wanawake!"

Muthoka, aliyekuwa amelala kidogo, aliamka, akaweka kofia sawa, akaja mbio bila kuangalia sura za watu. Aliacha mkuki ukutani. Hilo Kanini alilikumbuka baadaye na kumhesabia wema. Alijipenyeza katikati yao, akanyoosha mikono miwili.

"Amani! Amani, akina mama! Rudini nyuma, kila mtu upande wake!"

Kiondo cha Mwongeli kilikuwa tayari kimeshapaa. Kilimpiga sikioni, kofia ikaruka. Akageuka kulia, akaona uso wa mke wake. Akageuka kushoto, akaona wa dada yake. Mikono yake ilibaki vilevile imenyooshwa, kama ya kinyago cha kufukuzia ndege shambani.

"Salamu, afande," Kanini akasema kwa upole. "Hapa ndio Suez?"

"Mimi ni Misri," Mwongeli akasema, akijipiga kifua.

"Na mimi ni wale wengine," akasema Kanini. "Tumekuja utupatanishe. Ama hiyo kazi mnafanyia wageni tu?"

Watu hawakuelewa, lakini walijua aibu wanapoiona, wakacheka. Munyao nyapara aliwatawanya, akawaacha hao watatu wakae kando ya lango wamalize mambo yao. Ngina alikataa kutawanywa.

Muthoka aliokota kofia, akaikunjakunja. Vidole vyake vikawa buluu. "Nilitaka kufika Nairobi," alisema hatimaye. "Gari moshi lilisimama hapa. Nikaona mahali kumetulia. Nikateremka nipumue kidogo."

"Miezi yote hiyo unapumua tu?" akauliza Mwongeli.

"Kila jioni mnanijia. Huyu huku, huyu kule. Nikimpa huyu haki, yule halali. Nikimpa yule, huyu hapiki. Kule Burma tulikuwa tunajua adui yuko wapi."

Kanini alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga njia nzima. Alipomwona ameinamisha kichwa, na sikio lililopigwa limevimba, yale makali yakapungua, ingawa hayakuisha. "Ungesema," alimwambia. "Ungetuambia nyamazeni. Mimi nimekuombea, baba Wambua. Nimeota ngamia."

"Ngamia?"

"Usiniulize."

Ngina ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza. "Lakini nyinyi wawili mnagombania nini hasa?"

Wakatazamana. "Jiko," wakasema.

"Jiko moja?"

"Moja."

"Na huyu mwanamume ana mikono?" Ngina akamgeukia Muthoka. "Bwana Umoja wa Mataifa, kwa nini hukujenga la pili?"

Muthoka alifikiri. Ilionekana wazi kwamba katika mwaka mzima wa kutazama dari, wazo hilo halikuwahi kupita huko.

Wakapatana hapohapo. Arudi nyumbani likizo, amjengee Mwongeli jiko lake, tena lenye bati zima, si madebe. Kazi ya lango abaki nayo, maana ilikuwa kazi nzuri, na Munyao alimpenda kwa kuwa haibi kahawa. Lililobaki lilikuwa gumu zaidi: Thika. Mwongeli alitaka atangazwe kanisani. Kanini aliwaza kile kiti chake dukani, akawaza pia jinsi Githinji alivyotoa blanketi lake mwenyewe, na migongo ya watu ilivyonyooka.

"Hapana," akasema. "Lakini hutasema uongo tena hata mmoja. Wakikuuliza, jibu ukweli mtupu."

Basi Muthoka akarudi kwa gari moshi lililotoka upande wa Nairobi, kama inavyompasa mtu atokaye mbali. Walimpokea kwa nyimbo. Uwanjani kwa kanisa wakampandisha juu ya meza, mwinjilisti Dalmas akamtaka aeleze. Kanini na Mwongeli walikaa mbele kabisa, bega kwa bega, macho yamemkazia.

Muthoka alilowanisha midomo. "Kazi yenyewe," alianza, "ni kusimama langoni. Sijapiga risasi hata moja. Bunduki sikuwa nayo."

Watu wakaguna kwa heshima.

"Vita umeviona?" akauliza Githinji.

"Nimeviona mara moja. Pande mbili zilishikana mbele yangu. Nikaingia katikati, nikanyoosha mikono, nikasema amani. Nikapigwa hapa." Akaonyesha sikio, ambalo lilikuwa bado na alama.

"Risasi?"

"Kiondo."

Uwanja mzima ukapumua. Kumbe huko hata vyondo vinatumika! Mwongeli aliingiza pembe ya leso mdomoni akaiuma.

Lalji alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. "Na nchi yenyewe ikoje, sajini? Mchanga mweupe?"

"Udongo mwekundu," akasema Muthoka, na jasho likaanza kumtoka.

"Miti?"

"Kahawa."

"Kahawa tupu?"

"Na mikuyu kidogo."

Watu walishangaa kusikia Misri inalima kahawa. Kanini alimtazama Lalji, akaona wazi kwamba Mhindi huyu anajua. Lalji naye alimtazama yeye, akamtazama Mwongeli mwenye leso mdomoni, akatazama umati wote uliokuwa ukisubiri neno lake, yeye mwenye redio.

"Sawasawa," Lalji akasema. "Mpwa wangu yuko huko na jeshi la India. Anasema ni jangwa. Lakini mtoto yule tangu zamani haangalii vizuri."

Jioni, Kanini alipokwenda kununua sukari, Lalji alimvutia kile kiti kama kawaida, akapima sukari, kisha akaegemea meza ya duka.

"Nauli ya kwenda Suez ni kiasi gani, mama?"

"Inategemea," akasema Kanini, "kama unarudi jioni hiyohiyo."

Lalji alicheka mpaka akashika mizani, na hakuligusia tena.

Jiko la Mwongeli lilijengwa kabla ya likizo kwisha, bati zima, mlango unaotazama upande wa pili, kisha Muthoka akapanda gari moshi kurudi langoni kwake. Wanawake hao wawili hawakugeuka malaika. Waligombana bado, lakini sasa iliwabidi kuvuka ua kwenda kugombana, na mara nyingi yule aliyevuka alikuta uji tayari, akaalikwa, akasahau alilojia. Vyondo walianza kusuka pamoja na kuvipeleka Ruiru kila siku ya soko. Walipokuwa wakiondoka, watu wa Thika waliwapa salamu za kumpelekea Muthoka, kwa kuwa wanawake hao, walisema, wanajua njia za kuzifikisha. Wakazifikisha zote, pamoja na sufuria ya maharagwe, naye akazipokea langoni kwa saluti. Ngina alikuwa akiwasubiri na viazi.

Na Githinji, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa majivuno, alianza kumjibu kila mgeni aliyesimama mbele ya ile redio na kuuliza ni nchi gani na gani zimetoa askari. Alizitaja zote kama Lalji alivyomfundisha, India, Denmark, Norway, Brazili. Kisha alitulia kidogo, akafuta mikono grisi, akaongeza ya tano.